Masasi na Newala: Kanisa la Siku Saba

Wengi wetu tukisikia neno "kanisa" twafikiri mara kengele ya Dominika, Misa, mahubiri na sadaka. Ni haki kufikiri hivyo, maana pasipo Ekaristi hakuna Kanisa. Lakini juma lina siku sita nyingine, na katika siku hizo jirani yetu augua, aona kiu, afiwa, akosa daftari la mtoto. Je, siku hizo kanisa lake li wapi?

Swali hili latuhusu sote, wa mjini na wa kijijini. Nchi moja inayoweza kutusaidia kulijibu ni Masasi na Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na mto Ruvuma. Huko watu wengi waliijua kazi ya Kanisa ya siku za juma kabla hawajajua maana ya Dominika. Haya, tufunge mizigo, tukaione nchi hiyo.

NCHI YENYE MASHAMBA JUU NA MAJI CHINI

Msafiri atokaye Lindi hupita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao, akifuata bonde la mto Lukuledi kuelekea magharibi. Mkono wake wa kushoto aona mlima mrefu kama ukuta, wala hauna kilele. Akiupanda hakuti kilele chochote, bali nchi tambarare iliyoenea mbali, yenye mashamba ya mihogo, mbaazi na mikorosho isiyohesabika. Huo ndio uwanda wa juu wa Makonde, na mji wa Newala uko ukingoni mwake upande wa kusini na magharibi. Mji wa Masasi wenyewe uko bondeni, chini ya uwanda huo, kati ya majabali makubwa ya mawe yaliyosimama peke yake.

Sasa msomaji sikiliza vema, maana bila kujua jambo hili hutaielewa nchi hii. Udongo wa huko juu ni wa mchanga. Mvua ikinyesha, maji hayakai. Huzama ndani kabisa, yakasafiri chini kwa chini, na kutokea tena miguuni pa mlima kama chemchemi. Basi mashamba yako juu, na maji yako chini. Mtu ataniuliza: Kwa nini basi watu wasikae chini penye maji? Jibu ni kwamba mashamba ya huko juu ni mazuri, na tena zamani vichaka vizito vya huko viliwaficha watu na wavamizi na wafanyaji wa biashara ya watumwa.

Lakini usalama ule ulikuwa na bei, na bei hiyo waliilipa akina mama. Mwanamke alitoka kabla ya mapambazuko, akashuka genge na mtungi wake, akangoja zamu kisimani, kisha akaupanda mlima na mzigo kichwani jua likiwa kali. Kwa vijiji vingine safari hiyo ilikula nusu ya siku au zaidi. Mama akiugua, nyumba nzima ilikosa maji. Mtoto wa kike alijifunza njia ya kisima kabla ya njia ya shule.

NDANDA, CHINI YA MLIMA

Watawa Wabenediktini walifungua misioni ya Lukuledi mwaka 1895, na baadaye ya Nyangao. Miaka kumi tu baada ya mwanzo ule ilifika vita ya Maji Maji. Wazee wetu walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ya serikali ya Wajerumani. Na machoni pa watu wengi mzungu wa misioni na mzungu wa boma walikuwa kitu kimoja. Mwezi wa Agosti 1905 misioni zote mbili ziliharibiwa. Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha katika msiba wa Nyangao. Tarehe 14 ya mwezi ule ule Askofu Cassian Spiss, mabradha wawili na masista wawili waliuawa njiani, katika nchi ya Liwale. Na baada ya vita, kwa watu wa nchi ikaja njaa, nayo iliua wengi kuliko risasi.

Mwaka 1906 Wabenediktini walirudi. Walichagua mahali pengine: Ndanda, miguuni pa uwanda wa Makonde, pale maji ya mlima yanapotokea. Fikiri, msomaji, hali ya watu wale wawili, mtawa na mwenyeji, wakitazamana juu ya makaburi mapya. Mahubiri peke yake yangeweza kuwapatanisha? Ni vigumu. Lakini maji yaliongozwa kutoka mlimani. Wagonjwa walipewa dawa. Watoto walifundishwa kusoma, na vijana useremala na uashi. Polepole watu wakaanza kusema, "Hawa wanakaa nasi."

Mwaka 1927 alifika Ndanda Sista Thecla Stinnesbeck, mtawa na tena daktari. Siku zile daktari wa kike alikuwa jambo la ajabu hata Ulaya. Yeye na wenzake waliijenga kazi ya kuponya wagonjwa, nayo ikakua hata ikawa hospitali kubwa ya Mtakatifu Benedikto, ambayo leo ni hospitali ya rufaa inayojulikana kusini kote. Huja wagonjwa wa Masasi, wa Newala, wa Nachingwea, na wengine kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

Jambo moja lafaa kutajwa. Watu wengi wa nchi hii, hasa huko juu Makonde, ni Waislamu. Mgonjwa akifika Ndanda na homa, au mama akifika na uchungu wa kuzaa, haulizwi kwanza anasali wapi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yaagiza mgeni apokewe kama Kristu mwenyewe, wala haikuweka sharti kwamba mgeni huyo awe amebatizwa. Familia nyingi za Kiislamu za Newala hazijawahi kuingia katika kanisa la Ndanda, lakini zinaijua Ndanda vizuri, kwa sababu mtoto wao alizaliwa pale, au baba yao alishonwa jeraha pale.

WALE WALIOWEKWA MBALI

Karibu na Ndanda pako mahali paitwapo Mwena. Hapo walitunzwa wagonjwa wa ukoma. Vijana wa leo hawajui ukoma ulivyoogopwa. Mtu akitokwa na mabaka, aliondolewa nyumbani, akajengewa kibanda porini. Chakula kikawekwa mbali, naye akaja kukichukua mwenyewe baada ya mleta chakula kwenda zake. Alikuwa hai, lakini amekwisha kuzikwa.

Masista na wasaidizi wao walifanya neno ambalo jamaa waliogopa kulifanya: walimgusa. Walimwosha vidonda, wakafunga vitambaa, wakakaa naye. Katika miaka ile ya kwanza dawa ilikuwa haifai kitu, mafuta machungu ya kuchoma kwa sindano tu. Dawa za kweli zilianza kupatikana baada ya mwaka 1945. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi watu wale walihudumiwa na watu waliojua kwamba hawawezi kuwaponya.

Ndugu wasomaji, ukoma haujaisha. Siku hizi unapona kabisa kwa vidonge vya miezi 6 au 12, na dawa hiyo hutolewa bure. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni baka kwenye ngozi lisilosikia, hata likiguswa kwa pamba au likichomwa kidogo. Mtu akiwahi, hapati kilema. Wanaochelewa, wengi huchelewa kwa sababu ya aibu. Basi mtu wa jumuiya yako akiwa na baka la namna hiyo, usimnong'one. Fuatana naye hadi zahanati. Hiyo nayo ni kazi ya kanisa, wala haihitaji padre.

WAGENI WALIPOONDOLEWA

Mwaka 1917 vita kuu ya kwanza ya dunia ilifika katika bonde hili. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana vibaya Mahiwa, karibu na Nyangao, na maelfu ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Waingereza waliposhinda, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika nchi. Wakristu wakabaki karibu yatima, mpaka Wabenediktini wa Uswisi walipokuja kushika kazi mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Je, katika miaka ile nani alilinda imani? Ni makatekista na akina baba na akina mama wa vijijini. Walikusanya watu kusali. Walibatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa. Walizika wafu. Walifundisha Katekisimu kwa kichwa, maana vitabu vilikuwa haba. Hawakuwa na mshahara wa kusemwa, na wengi wao hatuna hata majina yao.

Nayakumbusha haya kwa sababu maalum. Wako watu wasemao, "Zamani kanisa lilisaidia watu kwa kuwa Wazungu walikuwa na fedha. Leo Wazungu wamekwisha, basi na msaada umekwisha." Maneno hayo yana ukweli kidogo na uongo mwingi. Ni kweli kwamba hospitali haiendeshwi kwa sala tu. Yahitaji dawa, mashine, umeme na mishahara. Lakini si kweli kwamba kazi ya jirani ilianza na fedha za mgeni. Mara ya kwanza mgeni alipoondolewa, mwenyeji aliibeba.

MASASI YA MAJABALI

Kutoka Ndanda twaendelea hadi Masasi. Hapa hatukuwa wa kwanza, na ni vema kusema kweli. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa huko Unguja. Misioni yao ilivamiwa mwaka 1882 na wapiganaji Wangoni, na wengi wakahamia Newala kwa Mfalme Matola, Myao aliyewapokea vizuri. Tangu hapo makanisa yetu mawili yameishi jirani katika wilaya hizi, yakishindana zamani, na leo yakisaidiana.

Mtu mmoja aliyeyajua makanisa yote mawili ni daktari Leader Stirling. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akaja katika nchi ya Masasi mwaka 1935 kufanya kazi katika misioni ya Kianglikana ya Lulindi. Hospitali yake ya huko ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, kama nyumba za wanakijiji wenyewe, na humo alifanya upasuaji. Mwaka 1949 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akaenda kutumika katika hospitali ya misioni ya Mnero, wilaya ya Nachingwea. Baadaye akawa mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mtu aliyeanza katika nyumba ya nyasi alikabidhiwa afya ya taifa zima. Tusingoje matofali na marumaru ndipo tuanze kumsaidia mgonjwa.

Na shule je? Si mbali na mji wa Masasi kuna kijiji cha Lupaso. Alizaliwa huko mwaka 1938 mtoto aliyesoma shule ya kijijini, kisha shule ya misioni Ndanda, akaendelea mbele hata akawa Rais wa tatu wa Tanzania tangu 1995 hadi 2005. Ni Mzee Benjamin Mkapa. Alipofariki mwezi wa Julai 2020 alirudishwa kuzikwa Lupaso, kwao. Kijiji kile kingekosa mwalimu katika miaka ya 1940, nchi ingemkosa mtu yule.

Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misioni zilichukuliwa na serikali, na sekondari ya Ndanda ni mojawapo. Wengine walihuzunika. Lakini tazama: kazi iliyoanzishwa na Kanisa ilikubaliwa kuwa kazi ya taifa. Hilo si hasara. Hasara ingekuwa parokia kusema, "Shule si zetu tena," ikaacha kuwatazama watoto. Watoto ni wale wale. Bado yuko asiye na sare, bado yuko anayetoroka wakati wa korosho kwenda kuokota kwa ujira, bado yuko binti anayeachishwa masomo baada ya unyago kwa kuwa eti sasa ni mtu mzima. Nani atakwenda kuzungumza na baba yake? Serikali ina afisa elimu mmoja kwa vijiji vingi. Parokia ina mtu katika kila kitongoji.

NEWALA, UKINGONI

Sasa twapanda. Gari laliacha bonde la Masasi, launguruma katika kona, na hewa yaanza kuwa baridi. Newala ni mji wa upepo. Ukingoni mwake pana mahali wenyeji wapaitapo Shimo la Mungu: nchi yakatika ghafula, na chini kabisa waona bonde la Ruvuma, na mbali zaidi milima ya Msumbiji. Mtu asimame hapo kidogo, aifikirie ile njia ya mtungi. Ataelewa kuliko kusoma vitabu kumi.

Kwa upande huo huo wa Ruvuma walikuja wakimbizi, baada ya vita ya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964. Walivuka mto na watoto mgongoni, wakaingia vijiji ambavyo vyenyewe havikuwa na maji ya kutosha. Walipokelewa. Makabila ni yale yale, lugha ni ile ile, na shida ni ile ile. Hapa ndipo uonapo kwamba ukarimu hautokani na wingi wa mali.

Serikali ilianza mradi wa kupandisha maji Makonde katika miaka ya 1950, nayo kazi hiyo imeendelezwa mpaka siku zetu. Maji yavutwa bondeni kwa mashine na kusukumwa mabombani hadi juu. Ni kazi njema kabisa, imewapunguzia akina mama mateso. Lakini kuyapandisha maji mlima mrefu hivyo kwahitaji nguvu nyingi. Mashine ikiharibika au umeme ukikatika, bomba lakauka, na ndoo zarudi kwenye foleni.

Kwa hiyo watu wa Newala wamejifunza akili nyingine: kuvuna maji ya mvua kutoka paa la bati na kuyaweka katika kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Hapa naomba msomaji achukue kalamu, tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii ni mahubiri.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa lenye ukubwa wa meta moja mraba, hutoa lita moja ya maji. Tuseme kanisa lako lina urefu wa meta 30 na upana wa meta 12. Paa lake, tukilipima kwa eneo linalofunika, ni meta mraba 360. Mvua moja ya kawaida ya milimita 20 yatoa lita 7,200. Toa sehemu moja ya tano inayomwagika na kupotea. Zabaki lita 5,760. Hizo ni ndoo 288 za lita 20, kwa mvua moja tu! Kisima cha lita 50,000 chajaa kwa mvua tisa za namna hiyo. Kikiwa kimejaa kina ndoo 2,500. Ukizigawa kwa siku 150 za kiangazi, wapata ndoo 16 kila siku.

Ndoo 16 si nyingi. Hazitoshi kijiji. Lakini zatosha bibi mzee anayeishi peke yake, na mama aliyejifungua juzi, na mgonjwa asiyeweza kutembea, na mlemavu, na yatima wanaotunzana wenyewe. Kwa kawaida kanisa ndilo paa kubwa kuliko yote kijijini, au pamoja na shule na msikiti. Basi kanisa lisilo na mifereji kwenye paa lake, katika nchi yenye kiu, lamwaga ardhini zawadi ya Mungu mbele ya macho ya watu wake, mvua baada ya mvua.

Kazi yenyewe si ngumu. Mifereji ifungwe imara na kuinamia upande wa kisima. Paa lifagiwe kabla ya masika. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kisima kifunikwe vema, na tundu lake liwekwe wavu, mbu wasizaliane wala mtoto asitumbukie. Maji ya kunywa yachemshwe. Basi.

NANI ACHOTE?

Hesabu ya ndoo ni rahisi. Swali gumu ni hili: nani achote? Hapo ndipo roho ya parokia hujulikana.

Kisima kikishajaa, vishawishi havikosi. Mmoja asema, "Wachote kwanza waliolipa zaka." Mwingine asema, "Wanakwaya, maana wanajitolea." Wa tatu asema, "Tuyauze kiangazi bei ikipanda, tupate fedha za kupaka rangi kanisa." Nao wote waweza kusema hayo kwa nia njema. Lakini bibi mzee wa upande wa pili wa njia, asiyesali kwetu, atasimama na ndoo yake akitazama kufuli. Siku hiyo atajifunza jambo moja juu ya Wakristu, na mahubiri ya miaka kumi hayatalifuta.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa orodha ya waumini. Alisimulia habari ya Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa, aliyesimama njiani wakati watu wa hekalu walipita. Basi zamu ya kisima ipangwe kwa kipimo cha shida. Na atakayeipanga asiwe mtu mmoja. Wawepo akina mama, kwa kuwa wao ndio wajuao nyumba ipi haikuwasha moto leo.

Kwa kazi ya namna hii Kanisa la Afrika Mashariki limekwisha kupata chombo. Mwaka 1976 Maaskofu wetu wa nchi za Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA, walikaza kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristu ziwe ndio msingi wa parokia. Nyumba kumi au ishirini zasali pamoja kila juma. Ni neno jema. Lakini jumuiya nyingi zimeishia kwenye rozari, nyimbo na michango. Sala ikiisha, watu waaga. Je, hakuna aliyeuliza kwa nini mama fulani hakuja? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Padre ana vigango vingi na pikipiki moja. Hospitali iko mbali chini ya mlima. Lakini jumuiya iko mlango wa pili.

Basi kwa parokia za Masasi na Newala, na kwa yako pia msomaji popote ulipo, nashauri mambo matatu, yasiyohitaji mfadhili.

La kwanza: kila jumuiya iwe na watu wawili wa wagonjwa. Kazi yao ni kujua nani anaumwa katika nyumba zote za jirani, Wakristu na wasio Wakristu. Kumwambia padre kwa ajili ya sakramenti kama ni Mkatoliki. Na kumfikisha zahanati kabla hajazidiwa. Akina mama wa WAWATA, chama kilichoanza mwaka 1972, waifanya kazi hii vizuri mahali pengi. Lakini wanaume nao wana miguu.

La pili: wakati wa korosho, fedha zikiwa zimeingia, kila jumuiya itenge kidogo kabla ya harusi na pikipiki mpya. Kila mkulima wa Makonde ajua: Novemba kuna fedha, Machi kuna njaa. Mfuko mdogo wa Novemba ndio nauli ya mgonjwa wa Machi kwenda Ndanda. Uandikwe daftarini, usomwe hadharani, ushikwe na watu watatu.

La tatu: ua wa kanisa uwe wazi siku za kazi. Watoto wa shule wapate mahali penye kivuli pa kusomea. Vijana wafundishwe ufundi na mzee fundi aliyepo kijijini. Mwenye msiba wa dini yoyote aazimwe mabenchi na sufuria bila kuzungushwa. Jirani Mwislamu aliyeazimwa sufuria na parokia wakati wa arobaini ya baba yake hataogopa kuja tena akiwa na neno zito zaidi.

Yako mengi ambayo parokia haiwezi. Haiwezi kuchimba mabomba ya wilaya nzima wala kuajiri madaktari. Hayo ni ya serikali na ya hospitali, na tudai yafanyike, maana kodi ni zetu. Lakini serikali haiwezi kujua kwamba leo asubuhi moshi haukuonekana katika nyumba ya bibi wa pembeni. Jambo hilo walijua makatekista wa mwaka 1917, waliokuwa hawana padre, hawana dawa, wala hawana bati juu ya kanisa lao.

Kwa hiyo Dominika ijayo, Misa ikiisha, kabla hujachukua njia ya nyumbani, tazama juu ya paa la kanisa lako, utafute mfereji wa maji. Kama haupo, mwulize mwenyekiti wa parokia neno hilo, naye usimwache mpaka mmekubaliana siku ya kuanza. Masika hayangoji.